Mama anataka kuuza kiwanja ili nikasomee hapsikodi Ujerumani

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Nyegezi, Mwanza. Nina shahada ya kwanza ya muziki na ualimu. Nafundisha sekondari ya binafsi wilayani Ilemela, na kila Jumapili napiga kinanda Misa ya kwanza na ya pili parokiani kwetu. Nilianza nikiwa darasa la sita, kwa solfa. Noti nilizijulia chuoni.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mwalimu alitusikilizisha hapsikodi. Kwa wasomaji wasioifahamu, ni kinanda cha nyuzi kilichotumika Ulaya kabla ya piano. Ukibonyeza kitufe, kidude kidogo ndani kinaudonoa uzi, tofauti na piano ambayo nyundo huugonga. Tangu siku ile sijatulia. Baada ya Misa watu wakishaondoka, hubaki kanisani na kinanda chetu cha umeme, naweka sauti ya hapsikodi, napiga muziki wa mtunzi Bach mpaka mlinzi aje kufunga.

Mwaka jana niliomba shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha muziki Ujerumani. Fani yenyewe ni kupiga muziki wa kale kwa ala na taratibu za zama zake. Nilituma video tatu. Mwezi uliopita walijibu kwamba nimepita hatua ya kwanza, na kwamba mwezi wa Juni niende nikapige mbele ya jopo: dakika 30, mitindo mitatu tofauti, na besi ya namba (mstari wa besi wenye namba, sauti nyingine unazitunga papo hapo) bila kujiandaa. Natakiwa kuthibitisha kabla ya mwisho wa Machi. Ada ya masomo hakuna, ila nikipita lazima nionyeshe pesa ya kujikimu.

Mama anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Baba alifariki mwaka 2016 akaacha kiwanja Buswelu. Kuna mtu ametaja milioni 35, na mama amesema, "Nenda mwanangu, ardhi haina faida kama mtoto anakosa." Kaka zangu wawili hawajasema kitu, na kimya chao nakisikia. Baba mdogo wa Magu yeye alisema wazi kwamba kama ningekuwa nakwenda kusomea uuguzi angeuza ng'ombe mwenyewe.

Aliyeniumiza zaidi ni mwalimu wetu wa kwaya, mtu ninayemheshimu sana. Aliniambia, "Bujora iko hapo Kisesa. Ngoma zetu zinakufa hazina wa kuziandika, wewe unakwenda kufufua za wenzetu." Bujora ni makumbusho ya Wasukuma. Sikuwa na jibu.

Tena nina mchumba, fundi wa injini za boti. Kwao wameshaanza mazungumzo ya mahari na wanataka ndoa iwe kabla ya Desemba. Yeye anasema atanisubiri, lakini naona halali vizuri.

Mwalimu, niende au niache? Na nikirudi nitafanya nini na ala ambayo Mwanza nzima sijaiona hata moja? Mimi mwenyewe sijawahi kugusa hapsikodi halisi. Swali langu la mwisho ni dogo: kinanda chetu kina vitufe 61, je, kinatosha kwa maandalizi?

Mpiga Kinanda, Nyegezi

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umepita mchujo wa chuo cha nje kwa kinanda cha parokia, na sasa furaha hiyo inagharimu kiwanja cha marehemu baba, kimya cha kaka zako, usingizi wa mchumba wako na neno la mwalimu uliyemheshimu. Si ajabu ukauliza "niende au niache" kana kwamba ni mlango mmoja. Mimi naona milango kadhaa, na mingine bado haijafika mbele yako.

Nianze na sentensi uliyoiandika mwishoni, kama kwa kupitia tu: hujawahi kugusa hapsikodi halisi. Usione aibu. Walimu wa fani hii wamezoea kupokea wapiga piano na wapiga ogani waliochelewa kuifikia ala, na jopo lililoona video zako linajua umepigia nini. Ila ujue kwamba sauti unayoipenda umeijua kwa masikio, na kazi utaifanya kwa vidole. Kwenye kinanda cha umeme kitufe hushuka bila kupambana nawe. Kwenye hapsikodi kuna mahali, katikati ya safari ya kitufe, ambapo kidole kinakutana na uzi: kipande kidogo cha plastiki ngumu, zamani unyoya wa ndege, kinaunyanyua uzi kisha kinauachia. Ukipita hapo kwa pupa, sauti inatoka kavu na kelele ya mbao inasikika. Na ukikandamiza kwa nguvu mara mbili, sauti haikui mara mbili. Kinachobaki mkononi mwako ni muda: noti uishikilie kiasi gani, uiachie lini, uicheleweshe kidogo ili isikike nzito, noti za pamoja uzimwage moja baada ya nyingine kwa kasi gani. Wapo wapigaji wazuri wa piano ambao baada ya miezi mitatu huona kizuizi hicho kinawabana, wakarudi kwenye piano yao. Wapo ambao siku ya kwanza tu huona wamefika nyumbani. Wewe ni yupi? Hilo halijulikani kutoka Nyegezi, wala mimi siwezi kukujulia.

Kwa hiyo safari ya Juni ina kazi mbili. Jopo litakupima wewe, nawe utaipima ala. Waandikie sasa hivi, uwaombe wakuruhusu kufanya mazoezi kwenye hapsikodi yao siku tatu au nne kabla ya mtihani, na uombe somo moja na mwalimu ambaye angekufundisha. Ombi hilo ni la kawaida. Jibu lao pia litakuonyesha wanavyomtunza mwanafunzi anayetoka mbali.

Kuthibitisha mtihani si kuthibitisha masomo. Unachokubali kabla ya mwisho wa Machi ni nauli, visa na malazi ya wiki moja hivi. Ni pesa nyingi kwa mshahara wa mwalimu, lakini kiwanja hakihusiki hapo, na ningependa uyatenge mambo hayo mawili kwanza kichwani mwako, kisha mbele ya mama na kaka zako.

Kwenye visa kuna mtego. Visa ya muda mfupi ya Schengen itakufikisha kwenye mtihani, lakini ukipita haigeuzwi kuwa kibali cha masomo ukiwa kule. Utarudi, uombe visa ya masomo kwenye ubalozi wao Dar es Salaam, usubiri. Ipo pia visa ya mwombaji wa masomo, ambayo inaweza kubadilishwa huko huko, ila hiyo inadai ushahidi wa pesa ya kujikimu tangu mwanzo. Mtihani ukiwa Juni, majibu yakachukua wiki kadhaa, na muhula ukaanza Oktoba, njia ya kwanza inakuachia muda mfupi sana wa kutafuta pesa na visa. Waulize chuo leo: nikipita halafu visa ikachelewa, nafasi yangu itashikiliwa mpaka muhula wa Aprili, au nitafanya mtihani upya? Jibu uwe nalo kwa maandishi.

Sasa pesa, maana hapa naona hesabu ya familia yenu ina tundu. Ujerumani humtaka mwanafunzi wa nje afungue akaunti maalumu, aweke euro 11,904, kisha atoe euro 992 tu kila mwezi. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 30. Maana yake kiwanja cha milioni 35 kinalipa mwaka mmoja na nauli, wakati masomo ni miaka miwili. Kibali kikifika muda wa kuongezwa, utaulizwa tena: mwaka wa pili unaishi kwa nini? Swali hilo sikuliona kwenye barua yako, na pengine hata mama hajalisikia. Mkopo wa muda mfupi hautasaidia pia, kwa sababu pesa ikishafungwa haitoki kwa mkupuo umrudishie aliyekukopesha.

Wengi husema, "Nitafanya kazi." Sheria inamruhusu mwanafunzi wa nje siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Lakini inahusu kazi ya kuajiriwa. Mwanamuziki hulipwa kwa kualikwa: kupiga na kikundi Jumamosi, kusindikiza kwaya wiki ya Pasaka, kisha unapeleka bili. Hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya kujitegemea, na kibali cha masomo hakikupi ruhusa hiyo chenyewe. Inaombwa ofisi ya wageni. Ukipanga mwaka wa pili kwa kutegemea maonyesho, panga na ruhusa hiyo. Kuajiriwa mgahawani au maktaba ya chuo ni rahisi zaidi, ila kila saa ya huko inatoka kwenye saa za mazoezi.

Na umri. Bima ya afya ya umma kwa bei ya wanafunzi huishia na muhula ambao unatimiza miaka 30. Kabla ya hapo mwanafunzi hulipa zaidi ya euro 120 kwa mwezi. Baada ya hapo gharama hupanda. Kwa miaka yako 28 jambo hilo linaweza kukukuta kabla hujamaliza, na ukiahirisha mwaka mmoja linasogea karibu zaidi. Sisemi ili ukimbilie. Kuahirisha kuna faida zake, nitazitaja, ila liingize kwenye hesabu.

Kabla ya yote, kile kiwanja kiko kwa jina la nani? Ikiwa hati bado ina jina la marehemu baba na mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, mama hana mamlaka ya kukiuza peke yake, hata kama moyo wake ni mweupe. Kaka zako ni warithi kama wewe. Kimya chao leo kinaweza kuwa kesi kesho, na mnunuzi naye akataka pesa yake irudi ukiwa katikati ya muhula. Kaeni chini, pamoja na baba mdogo, na swali liwe la mirathi kwanza, muziki baadaye. Inawezekana kaka zako hawapingi hapsikodi hata kidogo. Wanangoja mtu awaulize kuhusu mali ya baba yao. Na mama aliposema "nenda", je, alikuwa anakubali hesabu, au alikuwa anakuonyesha upendo? Mama wa Mwaloni anayajua mahesabu ya dagaa kuliko sisi sote. Mwekee takwimu zote mezani, mwaka wa pili ukiwemo, umsikilize upya.

Njia nyingine ya pesa ni shirika la Kijerumani la DAAD, ambalo lina ufadhili wa wahitimu wa fani za sanaa, muziki ukiwemo. Huombwa karibu mwaka mmoja kabla ya masomo, kwa kawaida shahada yako ya mwisho isiwe imepitisha miaka 6, na lazima uangalie tangazo la mwaka husika kama Tanzania imo. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kufikiria kuahirisha: kufanya mtihani wa Juni hata hivyo, kupata majibu, halafu kuombea ufadhili ukiwa na barua ya chuo mkononi. Hatari yake ni kwamba chuo kinaweza kukutaka urudie mtihani mwaka unaofuata, na ufadhili wenyewe unaweza usije.

Lugha usiisahau. Vyuo vingi vya muziki vya kule hutaka Kijerumani cha kiwango cha kati, yaani B1 au B2, vingine wakati wa kuandikishwa, vingine baada ya muhula wa kwanza au wa pili. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha na kupima Kijerumani, iko Dar es Salaam, Mwanza haipo, kwa hiyo mtihani wa lugha nao una nauli yake.

Kama Ujerumani ndiyo nchi, vyuo vyake havifanani. Jimbo la Baden-Württemberg, walipo Freiburg na Trossingen, hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kwingine, Bremen kwa mfano, ada hiyo haipo, kuna mchango wa muhula tu. Nje ya Ujerumani utasikia sana majina ya Den Haag, Uholanzi, na Basel, Uswisi, hasa Schola Cantorum ya Basel iliyoanzishwa mwaka 1933 kwa ajili ya muziki wa kale pekee. Ni shule nzuri sana, lakini maisha ya Uswisi ni ghali, na kwa hali uliyonieleza sioni sababu ya kuongeza mlima juu ya mlima.

Nimekaa kwenye pesa muda mrefu kwa sababu ndiyo inayoumiza watu. Lakini swali lako ninalolipenda ni lile la "nikirudi nitafanya nini na ala ambayo haipo?"

Hapsikodi haitarudi na wewe. Nzuri huuzwa kwa bei ya gari. Hata ukiipata, yenye oktava tano na seti mbili za nyuzi ina nyuzi 122, na hewa ya Ziwa ingekutesa: masika na vuli ubao wa sauti hunywa unyevu ukavimba na sauti kupanda, kiangazi ukakauka na sauti kushuka, nawe kila onyesho unaanza na saa nzima ya kutuni. Kwa hiyo jiulize ni vitu gani vingerudi ndani ya begi.

Cha kwanza ni besi ya namba, na hapa nadhani hujajua ulicho nacho. Katika muziki ule mpigaji hupewa mstari wa besi tu, wenye namba juu au chini yake, sauti nyingine zote anazitunga papo hapo akimsikiliza mwimbaji. Watunzi kama Bach, Corelli na Händel, hakuna aliyeandika kila noti ya mkono wa kulia. Mpiga piano aliyelelewa kusoma tu hutetemeka akiona ukurasa huo. Na wewe Jumapili hufanya nini muumini akianzisha wimbo ambao haumo kwenye karatasi zako, kwa kimo chake mwenyewe? Unamtafuta, unamfuata, unamjengea sauti tatu chini yake. Ni ndugu wa kazi ile ile. Huo ni mtaji, na jopo litausikia ukiufanyia mazoezi kwa utaratibu.

Cha pili ni sikio la tuni. Kule utajifunza kutuni bila mashine, kwa kusikiliza mawimbi kati ya noti mbili. Kwa mfano, katika mpangilio unaoitwa Vallotti, mtunaji hupita kwenye noti zinazopishana kwa hatua ya tano: F, C, G, D, A, E, B. Hatua hizo sita hubanwa kidogo kwa kiasi kilicho sawa, na sita zinazobaki huachwa safi kabisa. Matokeo yake kila ufunguo wa muziki unakuwa na rangi yake, C ikitulia na zenye alama nyingi zikichoma. Aliyeshika hilo hawezi tena kudhani kwamba tuni ya piano ni sheria ya Mungu, na ndipo neno la mwalimu wako wa kwaya linapoingia.

Amesema jambo zito, na sitaki ulipuuze. Ila tuliulize. Je, ukibaki, Jumamosi hii ungekuwa Kisesa ukiandika midundo ya Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma? Kama ndiyo, basi amekukumbusha mapenzi yako ya pili, na yana haki ya kupimwa pamoja na haya. Kama sivyo, basi kubaki kwako hakutaiokoa ngoma yoyote. Kutakufanya tu mpiga kinanda mwenye kinyongo. Na fani hii unayotaka kuisoma ni nini hasa? Ni kuchukua muziki ambao wapigaji wake wamekufa, ukasoma vitabu vyao, ukapima ala zilizobaki makumbusho, ukalinganisha nakala, ukajaribu kwa mkono mpaka sauti ikae. Mjerumani Quantz aliandika juu ya filimbi mwaka 1752, mtoto wa Bach, Carl Philipp Emanuel, akaandika juu ya vinanda mwaka 1753, na wanafunzi wa leo huishi ndani ya kurasa hizo. Sisi badala ya vitabu tuna wazee wachache, ala za Bujora, na santuri alizorekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950, zilizotunzwa leo kwenye maktaba ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Nanga ya Wahaya ng'ambo ya Ziwa nayo ni ala ya nyuzi za kudonoa, ina tuni yake, na waliokuwa wakiimbia tenzi juu yake wanapungua. Mtu aliyefundishwa kupima na kufufua anaweza kuifanyia kazi. Anaweza. Sisemi lazima, wala usiende ukijipa ahadi hiyo ili tu kumridhisha mwalimu wako, kwa sababu ahadi ya namna hiyo hukauka muhula wa pili.

Ukitaka kujijua zaidi bila kuvuka bahari kubwa, Zanzibar kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, wanapofundisha udi na kanuni, ala za kudonoa ambazo haziifuati piano. Wiki mbili za likizo huko zingekuonyesha kama unachopenda ni uzi unaodonolewa na tuni za kale, au ni Bach. Majibu yote mawili ni halali, ila yanaelekea njia tofauti. Uzamili wa utafiti wa muziki unapatikana pia Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, kwa safari ya basi. Hapsikodi hutaipata huko, na nadhani ukienda kwa sababu ya urahisi tu utaendelea kubaki kanisani mpaka mlinzi aje.

Ajira. Kama ndoto ni kufundisha chuo kikuu hapa nchini, andikia idara za muziki za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Makumira, Arusha, sasa, kabla ya safari, uwaulize wanauonaje uzamili wa kupiga ala. Shahada hizo mara nyingi humalizika kwa onyesho na andiko fupi, ilhali vyuo vyetu huzoea tasnifu. Cheti cha nje pia hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu kutambuliwa. Ukijua mapema, unaweza kuomba andiko lako liwe refu zaidi. Ukijua baada ya kurudi, umechelewa.

Kuhusu mchumba wako nitasema machache, kwa sababu wewe na yeye mnayajua mengi kuliko mimi. Hujaniambia wewe unaitaka ndoa kabla ya Desemba au la; umeniambia wanachotaka kwao. "Nitakusubiri" ni neno zuri, lakini ni jepesi mpaka liwekewe tarehe: utarudi likizo ipi, nani atalipa nauli, na je, ikiwa utapata kikundi kule na ukataka mwaka wa tatu? Mwambie naye akueleze kinachomnyima usingizi. Huenda si miaka miwili. Huenda ni hofu kwamba hutarudi, na hofu hiyo haijibiwi kwa ndoa ya haraka. Baba mdogo mpe muda. Kwake uuguzi una mshahara anaoujua. Ukimletea hesabu iliyonyooka atakusikiliza vizuri zaidi kuliko ukimletea sauti ya hapsikodi kwenye simu.

Swali lako dogo: ndiyo, vitufe 61 vinatosha kwa kazi kubwa. Kitabu cha kwanza cha prelude na fuga za Bach, cha mwaka 1722, hakivuki oktava nne, na muziki wa Frescobaldi au Sweelinck utaenea. Utakosa noti chache za chini katika baadhi ya vipande vya Kifaransa na katika Scarlatti wa baadaye, basi usivichague. Chomoa kabisa pedali ya kuendeleza sauti, hapsikodi haina. Ingia kwenye mipangilio uzime usikivu wa vidole, ili sauti isikue unapobonyeza kwa nguvu, maana ukiuacha vidole vitajifunza uongo utakaokuumbua mbele ya jopo. Transpozi ishushe nusu hatua, A itoke kwenye hezi 440 iwe karibu 415, kimo ambacho vikundi vingi vya muziki wa baroko (wa zama za Bach) hutumia. Sikio lako lizoee, kwa sababu wengi hupotea siku ya kwanza wanaposikia C inatoka B.

Kwa besi ya namba, anza na ngazi ya noti nane kwenye besi, kupanda na kushuka, ukiweka juu yake sauti tatu. Besi isiyo na namba inachukua ya tatu na ya tano. Yenye 6 inachukua ya tatu na ya sita. Alama ya kupandisha au kushusha ikiwa peke yake inaigusa ya tatu. Fanya kwa C, G, F, D na watoto wao wa huzuni (minor), mkono wa kulia ukianzia mahali patatu tofauti. Makosa yatakayokupata ni yale yale ya kutunga nyimbo za kwaya: sauti mbili kukimbia sambamba kwa hatua ya tano au ya nane, na mkono wa kulia kupanda juu mpaka unamfunika mwimbaji. Baada ya wiki tatu chukua sonata za Corelli za opasi 5, za mwaka 1700, zinapatikana bure mtandaoni. Mwite mpiga fidla au hata soprano mmoja wa kwaya akuimbie mstari wa juu, wewe usindikize bila kusimama, hata ukikosea. Dakika 40 kila siku, na simu ikurekodi Ijumaa.

Barua ya kuomba siku za mazoezi kwenye hapsikodi yao iandike wiki hii, pamoja na lile swali la muhula wa Aprili. Majibu yakija, niandikie tena.